Kidole Kimoja

Wa Dar walipanda Kibosho tarehe ishirini na tatu,
na mchele, na sare za harusi ya Proti, na kelele.
Watoto saba tukawalaza kitanda kimoja, kichwa kwa kichwa,
blanketi moja, maana huku
Kibo ikivua wingu usiku, baridi hung'ata.
Tukawapiga picha wamelala, tukaituma kwenye kundi la ukoo.
"Undugu ndio huu," akaandika shemeji.

Mwezi wa kwanza, tarehe sita, siku ya jina lake,
Epifania akajikuna mbele ya keki.
Akajikuna nyuma ya sikio, akajikuna kisogoni,
hadi nikamvuta mlangoni, penye mwanga,
nikaanza kufumua twende kilioni, mstari kwa mstari.
Kwenye mstari wa tatu akapita mmoja.
Hakukimbia. Alitembea, kama mwenye kiwanja.

Mjini siku hizi chawa ni mtu:
anaganda kwa tajiri, anamsifu, anakula.
Huyu wangu hakumsifu mtu.
Alikula tu.

Niliona aibu, nisiseme uongo.
Mimi ninayefua mashuka kila Jumamosi,
mimi ninayemsugua mtoto kwa dodoki hadi ang'ae!
Sista wa zahanati akanicheka taratibu:
"Mama Epi, chawa haulizi sabuni.
Haruki, hana mbawa. Anatambaa, kichwa hadi kichwa,
cha msafi, cha mchafu, cha katekista, cha mlevi.
Nunua kitana cha meno ya kubanana.
Lowesha nywele, paka kondishena bila uchoyo,
chana kutoka kwenye ngozi mpaka ncha,
futa kitana kwenye kitambaa cheupe, utazame.
Kila baada ya siku tatu, mpaka wiki mbili zipite,
maana yai uliloliacha leo ni chawa wa Jumapili ijayo.
Na nyumba nzima. Umenisikia? Nzima."

Mama mkwe alikwisha leta chupa ya mafuta ya taa.
"Sisi tulipakwa, tukapona."
Nikamkumbuka mtoto wa Gaudensia, kule Umbwe,
ngozi ya kichwa imebabuka, na kibatari kilikuwa karibu.
Nikaipokea chupa kwa mikono miwili, kwa heshima,
nikayarudisha mafuta kwa mwenyewe: kwenye taa.

Basi Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tukakaa barazani.
Epifania na kitabu chake. Melkiori, analia kabla hajaguswa.
Mume wangu akainamisha kipara chake kwa majivuno.
Foronya, kofia, mitandio: maji ya moto, kisha jua.
Nikabaki na mmoja.

"Mimi ni mtu mzima," akasema, ameshika kilemba.
"Bibi, kidole kimoja hakivunji chawa,"
akajibu Epifania, na methali hiyo
alifundishwa na yeye mwenyewe.

Akakaa kwenye kigoda. Akafungua fundo.
Miaka kumi na moja katika nyumba hii
sikuwahi kuziona nywele za mama mkwe wangu:
nyeupe, chache, kama maua ya kahawa yaliyochelewa.
Nikachana. Hakusema kitu.
Kisha akasema, "Tangu baba yenu afe
hakuna aliyenishika kichwa."
Kwenye kitambaa, wawili, wazima, wenye afya.
Nikakikunja. "Bado kidogo," nikamwambia,
nikaendelea kuchana
pale palipokwisha kuwa safi.

Siku ya tisa, mmoja. Ya kumi na mbili, hakuna.
Nikampigia shemeji Dar, nikamweleza. Akakana, akakata.
Usiku akatuma picha ya kitana kipya,
bila neno.

Leo ni Jumatano. Hakuna anayejikuna.
Mama mkwe ametoka na kigoda,
amekiweka penye mwanga,
anasema anahisi kitu kinatembea.